Eneo la gemu kwenye tamasha la anime na komiki, Dar: umeme, makabati ya arkedi, pedi na foleni

Pixel_Mbagala

Wakuu salaam. Kuna tamasha la mashabiki wa anime (katuni za Kijapani), komiki na kosplei (kuvaa kama wahusika) hapa Dar, Jumamosi na Jumapili, saa 3 asubuhi hadi saa 1 usiku. Kamati imenikabidhi eneo la gemu. Ukumbi una mita 12 kwa 18, mlango mkubwa mmoja na wa dharura mmoja.

Vifaa vilivyothibitishwa: PS4 nane na flati za inchi 32, PS5 mbili na flati za inchi 43, PC sita, PS2 nne na tivii za chogo nne za inchi 21, kabati moja la arkedi (mashine ya gemu ya kusimama) lililotoka Japani lenye bodi ya JAMMA (mpangilio wa kuunganisha bodi za gemu), na kabati la pili lililochongwa na seremala, ndani lina Raspberry Pi (kompyuta ndogo ya bodi moja). Juu ya hapo kuna projekta, spika mbili, laptop ya ratiba na feni nne za kusimama.

Soketi za ukutani ni sita. Meneja wa ukumbi anasema umeme "upo wa kutosha", na ukikatika kuna jenereta ya 5 kVA.

Naomba msaada kwenye haya: umeme huo unatosha kweli? Makabati niyaandaeje yasinifie mchana? Pedi (vile vishikio vya kuchezea gemu) ngapi, na mashindano niyapangeje foleni isifike barabarani? Walioshika kazi hii naomba mtiririke.

FundiVolti

Mkuu, "upo wa kutosha" siyo kipimo. Piga hesabu kwa wati za juu, siyo za wastani. PS4 na flati yake weka 210, mara nane ni 1,680. PS5 na flati ya 43 weka 350, mara mbili ni 700. PC na monita yake 450, mara sita ni 2,700. PS2 na chogo 150, mara nne ni 600. Makabati yote mawili 300. Projekta, spika na laptop 700. Feni 240. Jumla ni wati 6,920. Gawa kwa volti 230, unapata ampea 30.

Sasa zitazame hizo soketi sita. Soketi sita siyo laini sita. Mara nyingi soketi zote za ukumbi zimezungushwa kwenye laini moja yenye breka ya ampea 32. Gemu zako peke yake zimeshaijaza, halafu anakuja mama wa chai anachomeka birika la wati 2,000 pembeni. Na breka ikizidiwa kidogo haianguki palepale. Inapata moto taratibu. Asubuhi kila kitu kinakwenda, saa 8 mchana ukumbi umefurika ndiyo inakata. Kwa hiyo jaribio la dakika kumi usiliamini.

Nenda wiki moja kabla, ukiwa na fundi wa ukumbi. Chomeka taa ya meza kwenye kila soketi, azime breka moja moja, na wewe andika kwa tepu juu ya soketi ni breka ipi inayoilisha. Kama zote sita ni za breka moja, mwambie akuvutie laini nyingine kutoka kwenye bodi kuu. Kumbi nyingi zina umeme wa njia tatu, kwa hiyo nafasi huwa ipo.

Mgawanyo ninaoupendekeza: PC kwenye laini yake peke yake (ampea 11.7), PS4 na PS5 laini ya pili (10.3), na chogo, makabati, projekta, spika na feni laini ya tatu (8). Hizo PC usizitundike zote kwenye plagi moja ya ampea 13, maana ampea 11.7 kutwa nzima zitaikaanga. Tatu plagi hii, tatu plagi ile.

Ekstensheni ndipo watu wanapoungulia. Zile za bei ya chini zenye waya mwembamba zinafaa kuchaji simu. Wewe tumia kebo ya milimita za mraba 1.5, na kama safari ni ndefu kupita mita 15 hivi, tumia 2.5. Ukitumia ekstensheni ya gurudumu, ikunjue yote hata kama unahitaji mita tatu tu. Ubavuni huandikwa viwango viwili, kimoja ikiwa imekunjwa na kingine ikiwa imekunjuliwa, na tofauti ni kubwa kwa sababu waya uliokunjwa hauna pa kutolea joto. Usichomeke ekstensheni juu ya ekstensheni. Baada ya saa moja ya kazi kamili, pita ukigusa kila plagi kwa mgongo wa mkono. Ya uvuguvugu iache, ya moto ibadilishe.

Kuna tatizo moja ambalo hata mafundi wanalikosea. Kama bodi ina RCD, ile breka yenye kitufe cha kujaribu inayokata umeme ukivujia kwenye ethi (waya wa ardhini), inaweza kukata hata kama mzigo ni mdogo. Pawasaplai ya PC huvujisha umeme kidogo kwenda kwenye ethi kwa maumbile yake, na kiwango kinachoruhusiwa kwa kifaa kimoja hufika miliampea 3.5. RCD ya miliampea 30 ina haki ya kukata kuanzia miliampea 15 na kitu. PC sita pamoja na takataka nyingine kwenye RCD moja, umeshafika. Dawa ni kuzigawa PC kwenye RCD mbili, hata kama itabidi ziache laini yao peke yake. Dawa siyo kuiruka RCD, na siyo kukata mguu wa ethi wa plagi. Ukikata ethi, mwenye kosplei ya bati ataigusa PC kwa mkono na spika kwa kiwiko, halafu utajua kwa nini ule mguu upo.

HDMI: chomeka kebo kwanza, umeme baadaye. PS4 na tivii nyingi zina plagi ya miguu miwili, haziendi kwenye ethi, na bodi zake hubaki na volti zinazoelea. Ukichomeka HDMI vifaa vyote viwili vikiwa vimewaka, cheche ndogo inaweza kuua chipu ya HDMI. PS4 itawaka taa, picha hakuna.

Jenereta sasa. 5 kVA kwa pawafakta (sehemu ya kVA inayogeuka wati) ya 0.8 ni wati 4,000. Mzigo wako ni 6,920. Haitoshi hata kidogo. Jenereta ya 12 kVA inakupa wati 9,600, mzigo wako unakaa kwenye asilimia 72, hapo sawa. Iwekwe nje, mbali na madirisha, moshi upelekwe na upepo upande usio na watu, na izimwe kabla ya kujazwa mafuta. Umeme ukikatika, zima swichi zote za ekstensheni kwanza, washa jenereta, iache dakika mbili itulie, halafu rudisha laini moja baada ya nyingine. Chogo huvuta umeme mwingi kwa nukta moja inapowashwa kwa sababu ya koili ya kusafisha rangi, hivyo ziwashe moja moja.

UPS (betri ya kushikilia umeme ukikatika): nunua au azima mbili tu, moja ya laptop ya ratiba, nyingine ya mashine ya fainali. Ila zijaribu na jenereta kabla ya siku. Jenereta ndogo masafa yake hayatulii kwenye hetsi 50, na UPS nyingi hapo hukataa umeme wake na kubaki kwenye betri hadi inakwisha. Utadhani UPS mbovu kumbe inachagua chakula.

DadaUshonaji

Umeme mmemaliza, niongeze la nafasi. Mtu wa kosplei mwenye mabawa au silaha ya foumu hapiti kwenye njia ya mita moja. Weka mita 2 kati ya safu na safu, na mita 1.2 nyuma ya kiti. Meza zote zigeuzie skrini ndani, migongo ukutani, nyaya zibaki nyuma ambako hakuna anayekanyaga. Karibu na mlango weka kona ya kuachia mikuki na mapanga ya foumu, ipewe namba, la sivyo watayaegemeza kwenye flati zako.

Rangi za mwili na poda zinahamia kwenye pedi. Kitambaa kidogo chenye spiriti ya asilimia 70, umekikamua, futa pedi kila baada ya wachezaji wawili au watatu. Usinyunyizie moja kwa moja kwenye pedi, inaingia chini ya vitufe na kuvigandisha. Na kwenye skrini usipitishe spiriti kabisa.

Kitufe30

Pixel, makabati niachie mimi.

Lile la Japani anza na plagi. Japani ni volti 100. Ukilichomeka kwenye 230 unaua pawasaplai kabla hujasikia muziki. Unahitaji transfoma ya kushusha 230 hadi 100, na kwa kabati la wati 200 chukua ya VA 500, usichukue ya 200 kamili ikawa inaunguruma kutwa. Angalia kibandiko kwa macho yako, maana transfoma nyingi za madukani hutoa 110. Masafa ya 50 badala ya 60 yasikusumbue. Bodi ina saa yake ya ndani, mchezo hauendi polepole.

Ndani ya makabati ya zamani kuna transfoma nyingine, ya kutenganisha. Monita nyingi za enzi hizo chasisi yake ina umeme hai, na ile transfoma ndiyo inayokulinda wewe na bodi. Fundi akikuambia "hii haina kazi, niiruke", mtafutie soda anywe aende nyumbani. Na nyuma ya kioo pana volti elfu kadhaa zinazobaki hata plagi ikiwa imechomolewa. Kama hujui kuzitoa, usipeleke mkono huko.

JAMMA ni mpangilio wa mwaka 1985: ukingo wa bodi wenye pini 56, 28 kila upande. Nafasi ya 7 ni ya ufunguo ili usichomeke kichwa chini. Kama kipande cha plastiki cha ufunguo kimetoka, na mara nyingi kimetoka, weka alama ya rangi upande wa vipuri kwenye kebo na kwenye bodi. Ukigeuza, unapeleka volti 12 mahali pasipotaka, na bodi haitarudi.

Kabla ya safari fanya haya matatu. Sugua pini za bodi kwa raba nyeupe ya penseli, kisha pangusa kwa spiriti. Washa, pima volti 5 kwenye ukingo wa bodi, siyo kwenye pawasaplai, maana njiani zinapotea. Unataka 5.00 hadi 5.05. Ikishuka kwenye 4.8 mchezo unajianzisha upya wenyewe, hasa picha nyingi zikiwaka kwa pamoja, na watu watasema bodi imekufa. Zungusha kile kiskrubu kidogo cha kurekebishia volti robo duara, pima tena. Usipandishe kwa pupa, juu ya 5.25 unaanza kuchoma chipu. Mwisho, kabati likishafikishwa ukumbini, lifungue na ubonyeze kila kiunganishi kwa kidole kabla ya kuwasha. Lori na barabara zetu zinachomoa vitu.

Sarafu. Ziba tundu la sarafu kwa tepu, watoto watasukumiza shilingi mia na vifuniko vya soda. Bodi nyingi zina swichi ndogo za kuweka mchezo bure, lakini mimi siipendi njia hiyo kwenye tamasha, mtu mmoja anakaa saa nzima akiendeleza. Bora chukua kitufe cha milimita 24, waya mmoja kwenye pini 16, ambayo ni sarafu ya kwanza, mwingine kwenye graundi, pini 27 au 28, ukakifiche ubavuni. Msimamizi anabonyeza, mchezaji anapata zamu moja. Foleni iko mkononi mwako. Pia kabati lisilomeza pesa halifanani na dubwi. Mgambo akiona mtoto anatia sarafu kwenye mashine yenye taa, hatakuuliza kama ni ya ndege za kivita au ya kamari.

Lile la seremala lina matatizo yake. Kama vitufe ni vya kubana, aina ya Sanwa OBSF-30, vimetengenezwa kwa ajili ya paneli nyembamba. Kwenye mbao ya milimita 18 havishiki, vitatoka na kidole cha mchezaji. Kwa mbao tumia vya kufungwa kwa nati, vyenye shingo ndefu. Na ukinunua vya akiba angalia upana wa viunganishi: vya Sanwa ni milimita 2.8, vile vya Kimarekani vyenye swichi ya kubofya huwa 4.8. Haviingiliani. Chukua vitufe vinane vya 30 vya akiba, viwili vya 24, jostiki moja nzima na springi mbili. Jostiki ikilegea, kaza boliti za chini kwanza kabla ya kuilaumu. Kwenye makabati ya mbao tisa kwa kumi ni boliti.

Pi: ukiona alama ya radi kwenye kona ya skrini, volti zimeshuka chini ya 4.63. Siyo programu, ni chaja au kebo ya simu uliyoazima. Pi 4 inataka volti 5.1 ampea 3. Kadi ya kumbukumbu huharibika ukizima kwa kuchomoa, na hapo ukumbini itachomolewa tu, kwa hiyo nakili kadi mara mbili na zote ziwe mfukoni mwako. Zile bodi mbili za USB za vitufe kama zinafanana, ukizihamisha tundu mchezaji wa kwanza anageuka wa pili. Ziandike namba na usizihamishe. Na weka michezo ambayo una haki nayo. Kabati limesimama hadharani, kila mtu anapiga picha.

La mwisho, usiunganishe Pi wala PC kwenye monita ya kabati la zamani bila kujua masafa yake. Bodi za JAMMA za kawaida hutoa kilohetsi 15, PC hutoa 31. Picha itabiringika, na monita nyingine zitaungua ukiziacha hivyo.

Pixel_Mbagala

Kitufe30, asante sana kaka. Chogo nimezisahau kwenye maswali. Kuna ulazima nizibebe, au niunganishe PS2 kwenye flati tu?

Kitufe30

Kama una gemu za bunduki ya mwanga, chogo ni lazima. Bunduki za zamani zinasoma mstari wa mwanga unavyochorwa kwenye kioo cha chogo, kwenye flati hazioni kitu. Kwa gemu nyingine chogo zinafaa kwa sababu hazichelewi, lakini ukikosa hakuna msiba.

Zijaribu kwa diski utakazotumia. Chogo ya PAL tupu (mfumo wa picha wa kwetu) ikipewa picha ya NTSC (mfumo wa Marekani na Japani) inaonyesha nyeusi na nyeupe au inabiringisha. Ibebe kioo kikielekea kifuani, uzito wote uko mbele. Meza ya plastiki ya kukunja haiwezi kilo zaidi ya 20 za chogo pamoja na viwiko vya watu, tafuta ya mbao. Spika ziwe mbali nayo. Ukiona doa la zambarau kwenye kona, zima dakika 20 hadi 30 ndipo uwashe, maana ile koili haisafishi tena kabla haijapoa.

Nyali_Fundi

Hapa Mombasa tunaongeza jambo moja, na Dar ni pwani pia. Chumvi ya hewani inakula viunganishi. Vifaa vilivyolala stoo miezi kadhaa, pulizia dawa ya kusafisha kontakti kwenye matundu ya AV, USB na swichi za vitufe, chomeka chomoa mara tano sita. Kitufe kinachoshika mara moja na kukosa mara mbili mara nyingi hakijafa, kina kutu tu. Ukitoa vifaa kwenye gari lenye AC ukaingiza ukumbi wenye joto, ngoja nusu saa kabla ya kuwasha, jasho likauke.

Mama_Ratiba

Mwanangu Pixel, umeme na makabati umeelezwa vizuri. Lakini kitakachokupigisha kelele siku ile ni pedi.

Konsoli za PS4 na PS5 ni kumi, pedi ishirini, akiba tano. Zote kwa kebo, hata kama zina chaji. Kebo za mita 3, tena za data, maana zile za chaji tupu zinawasha taa na pedi haichezi. PS4 ni mikro-USB, PS5 ni tundu la C, usizichanganye kwenye boksi moja. Na kuchomeka kebo peke yake hakutoshi. PS4 na PS5 huendelea kuongea na pedi hewani hadi uingie kwenye mipangilio ya pedi, sehemu ya njia ya mawasiliano, uchague kebo ya USB. Usipofanya hivyo, mtu anaondoka na pedi yake mwenyewe mfukoni, anaibonyeza akiwa kwenye chipsi, na mechi ya watu inasimama katikati ya ngumi. Anayeleta pedi yake sheria ni moja: unachomeka, unacheza, unaizima kabla hujainuka kwa kubana kitufe cha PS sekunde kumi.

Kebo ifunge kwenye mguu wa meza kwa vifungio vya plastiki, ukiacha mlegezo wa kutosha. Mtu akivuta, kamba ivute meza, isivute tundu la PS4. Tundu lililong'oka halitengenezwi ukumbini, na pedi iliyofungwa haitembei.

Akaunti na gemu: watu wananunua gemu moja ya kupakua wakidhani itacheza mashine nane. Akaunti huwa na konsoli moja kuu ya kuchezea bila intaneti, hizo saba zitadai mtandao na nyingine zitakufungia. Tumia diski, moja kwa kila mashine. Sakinisha na sasisha zote nyumbani siku tatu kabla, kisha zima masasisho ya moja kwa moja. Fungua akaunti mpya isiyo na kadi ya benki. Zima ile huduma ya HDMI inayofanya tivii ijiwashe na kubadili tundu yenyewe. Kila flati iweke kwenye hali ya gemu, bila hivyo wapiganaji watakuambia vitufe vinachelewa, na watakuwa sahihi.

Michezo ya kukatana vichwa igeuzie ndani, mbali na mlango. Familia zinaingia na watoto.

Foleni. Usiwe na foleni nane kwa mashine nane, utapata vurugu nane. Foleni moja, namba za karatasi, msimamizi anamwita anayefuata kwenye mashine yoyote iliyo wazi. Kandanda weka kipindi dakika 4. Ukiongeza kuchagua timu, marudio ya magoli na kubishana jezi, hesabu dakika 12 kwa mechi. Mashine nane, watu wawili wawili, mara tano kwa saa, ni watu 80 kwa saa. Zaidi ya hapo uza subira. Wasipewe ruhusa ya kubadili mipangilio ya mechi, wakishakwenda kwenye dakika 10 kwa kipindi hutawatoa. Kwenye gemu za ngumi mshindi anabaki, lakini akishinda mara tatu anainuka, la sivyo bingwa wa mtaa anakaa hapo hadi jioni na wageni wanaondoka.

Mashindano sasa. Gemu za ngumi watu wanataka mtoano wa nafasi mbili, yaani hutoki hadi upoteze mara mbili. Wachezaji 32 ni mechi 62, au 63 fainali ikirudiwa. Kila mechi ya bora kati ya tatu, pamoja na kubadilisha viti na pedi, dakika 8. Kwa mashine nne hesabu inasema saa mbili na dakika chache, lakini hesabu hiyo inakudanganya. Mwishoni watu wamebaki wachache, mashine tatu zimekaa bure zinasubiri mechi moja iishe. Panga saa tatu na nusu. Kandanda fanya mtoano wa kawaida, wachezaji 32 ni mechi 31 tu, maana mechi moja ni ndefu na ikienda penati imekula zamu ya watu wawili.

Usajili ufungwe nusu saa kabla. Mchezaji akiitwa kwa maiki na hajatokea dakika tano, ametoka, hata kama ni shemeji wa mwenye ukumbi. Start.gg au Challonge zitakupangia ratiba na kila mtu ataiona kwenye simu, ila chapisha na karatasi, bando likikwama kazi iendelee. Marafiki waliokuja pamoja watawanye ratibani, wasikutane raundi ya kwanza. Wamelipa nauli kutoka Kibaha kuja kupigana wao kwa wao?

Kiingilio cha mashindano kiwe cha kugharamia eneo, zawadi zitoke kwa wafadhili. Ukikusanya pesa za wachezaji na kumkabidhi mshindi, unakaribia kamari, na hiyo ina Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Soma pia masharti ya mwenye gemu. Nintendo kwa mfano ilitoa masharti yake ya mashindano ya jamii mwaka 2023, na yana vikomo vya washiriki na kiingilio.

DadaUshonaji

Nami nakumbushia ulinzi. Kila kitu kiwe na alama ya tepu ya rangi moja na namba, na orodha yenye jina la mwenye mali na namba ya kifaa. Kagua mara tatu: kufungua, saa 7 mchana, kufunga. Vinavyopotea siyo PS5, ni kebo za HDMI, rimoti na chaja. Rimoti zikusanye zote kwenye boksi moja ukishamaliza mipangilio, mchezaji hana kazi nazo. Wasimamizi wanne kwa wakati mmoja, zamu za saa mbili mbili, na mmoja kazi yake iwe kuzunguka tu bila kucheza. Huyo mmoja ndiye mgumu kumpata.

Pixel_Mbagala

Nimewasoma wote, shikamoo Mama_Ratiba. Nimerudi kutoka ukumbini na fundi wao. Soketi nne ziko breka moja, mbili breka nyingine, na amekubali kuvuta laini ya tatu. Ila meneja amegoma kwenye jenereta: ni hiyo hiyo 5 kVA. FundiVolti, umeme ukikatika nizime nini, niache nini?

FundiVolti

Usiipakie jenereta hiyo zaidi ya asilimia 80, yaani wati 3,200. PC zote chini, PS5 chini, makabati chini. Zinabaki PS4 nane (1,680), projekta na spika na laptop (700), feni (240) na chogo nne (600). Ni 3,220, uko ukingoni, kwa hiyo zima na chogo moja, unabaki na 3,070. Mashine ya fainali iwe mojawapo ya PS4, isiwe PS5, ili umeme ukikatika fainali isihamishwe.

Tepu nyekundu kwenye kila swichi ya kuzimwa, ya kijani kwenye za kubaki. Gizani hakuna atakayesoma karatasi. Na mama wa chai mhamishie kwenye gesi.

Pixel_Mbagala

Mama wa chai ana jiko la mkaa, nimemuuliza. Nimemwelekeza nje, upande wa pili wa jenereta.

FundiVolti

Upande wa pili wa jenereta *na* mbali na dumu la mafuta. Kaangalie tena.